Jezi za Ng'ambo

Vijana wa depo, siku ya kuniaga mliniambia niandike kidogo juu ya miaka yangu ili mtakaobaki mjifunze. Mlinipa na saa ya ukutani. Saa nimeitundika. Inakwenda mbele dakika nane, na hainisumbui, maana sina pa kwenda. Sasa naandika. Habari za kupanda cheo hamtazikuta humu: nilipanda mara moja tu, kutoka stoku ndogo kwenda stoku kubwa, na tofauti yake ilikuwa ukubwa wa panya. Nitaandika juu ya mpira, mikono na sabuni, kwa sababu hayo ndiyo niliyoyajua kweli, na kwa sababu ninyi, mnisamehe, hamjui hata moja kati ya hayo matatu.

Kwa walioajiriwa juzi: mimi ndiye Muzee Pampu. Jina nililobatizwa yupo anayelikumbuka, ni mke wangu Mama Goreti, naye hulitumia akikasirika tu. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nimevuka mpaka wa Gatumba kwenda Kongo mara chache, kila mara kwa sababu ya mechi, na kila mara nilikuwa nimeshachoka kuwa ugenini kabla sijapigiwa muhuri. Nilimaliza sekondari nikapata cheti, na cheti hicho ndicho kilichofanya nipewe funguo za stoku badala ya kubebeshwa magunia. Mgongo wangu unakishukuru mpaka leo.

Siku ya kwanza shefu wa wakati ule, mtu mfupi aliyependa kuongea huku anatembea ili usipate nafasi ya kuuliza, alinipa funguo tano, daftari, na mfuko wa turubai. Akasema huo ni wa timu, akaenda zake. Ndani nikakuta mipira mitatu, pampu ya mkono, na jezi kumi na saba za bluu. Mimi nilikulia kwenye mpira wa miguu. Nilipoiona ile mipira mirefu kama maparachichi nilisikitika sana. Nikaushika wa kwanza, nikaujaza upepo mpaka bega likaniuma, nikingoja urudi kuwa duara. Haukurudi. Nikaujaza wa pili, ukapasuka. Kwa mwandiko mzuri wa shule nikaandika kwenye daftari: "Mipira mitatu imepokelewa ikiwa imeharibika umbo. Mmoja umekufa katika matengenezo." Shefu aliisoma ripoti hiyo kwa sauti mbele ya wapakuzi wote. Tangu hapo mimi ni Pampu.

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba depo yetu ya Zone Industrielle, mtaa wa viwanda, inayopokea sukari, chumvi na unga kutoka bandarini, ina timu ya raga, na kwamba mtu wa stoku ndiye mtunza vifaa wake. Nikaanza kujifunza. Sindano ya pampu ilowanishwe kwanza, la sivyo inakata kinywa cha mpira. Mpira usilale karibu na saruji, ngozi yake inakuwa laini kama sahani. Viatu vikaushwe kivulini vikiwa vimejazwa magazeti. Mambo haya hayana sifa. Hakuna mtu aliyewahi kubebwa juu juu kwa sababu ya kulowanisha sindano.

Aliyenifundisha mengine yote alikuwa Mzee Hamisi wa mtaa wa Buyenzi, fundi wa kunyoosha mabati ya magari, ambaye aliicheza raga alipokuwa kijana na sasa alikuwa anaifundisha timu yetu bila cheti chochote. Alikuja uwanjani kila Jumanne na Alhamisi baada ya sala ya alasiri, mikono ikiwa na rangi ya gari la siku hiyo. Wiki yangu ya pili aliniita gereji kwake. Alikuwa ametundika tairi kuukuu kwenye mti wa chuma wa winchi. Akachovya mpira kwenye karai la mafuta machafu ya injini, akaniambia nimrushie, na yeye akaudaka kwa vidole kumi, akaupitisha katikati ya tairi, akauokota, akarudia. Halafu akanipa mimi. Shati langu la kazi lililala pale pale, halikuamka tena.

Nilimwambia sioni sababu, mimi ni mtu wa stoku.

"Sikiliza, mwanangu," akasema. "Kwenye raga kuna kudaka, kutoa, kukaba, na kuanguka na mpira wako vizuri. Vinne tu. Vingine vyote ni mapambo, na mapambo nayapaka kwenye gari baada ya bati kunyooka."

Kwa ambao bado mnadhani raga ni ugomvi wenye mwamuzi: mpira unapasiwa kwa mikono, tena kwa nyuma tu. Ukikuponyoka ukaanguka mbele yako, hilo kosa tunaliita anavan, na mpira unapewa wapinzani. Ni kosa la mtoto. Ndilo pia, kwa hesabu ya macho yangu, lililotunyima karibu kila kitu tulichowahi kunyimwa.

Sasa kuhusu Ng'ambo. Timu ya wapakuzi wa Uvira, upande wa Kongo, sisi tuliiita hivyo tu, Ng'ambo, na kila mwaka tulicheza nayo mechi moja, mwaka huu kwao, mwaka ujao kwetu. Mzee Hamisi alinieleza chanzo cha desturi. Mechi ya kwanza kabisa ilichezwa kwetu kwenye mvua, tukafungwa, na nahodha wetu, mtu mwenye adabu kupita kiasi, akawaambia wageni hawawezi kuvuka mpaka na jezi zenye tope, waziache zifuliwe. Wageni wakaziacha. Mwaka uliofuata tukashinda sisi, nao wakaziomba zetu. Basi ikawa sheria: aliyefungwa anafua jezi za aliyeshinda, anazipiga pasi, anazirudisha zimekunjwa. Adabu ya mtu mmoja kwa nusu dakika imenigharimu mimi ngozi ya vidole. Maana wanaocheza ni kumi na tano, wanaoangusha mpira ni kumi na tano, ila anayefua ni mtunza vifaa.

Wakati wa Mzee Hamisi hali ilikuwa ya kuvumilika. Tulishinda, tulifungwa, tulishinda. Hakuna aliyetusifu kwa uzuri. Tulikuwa tunacheza kama watu wanaohamisha kabati: kidogo, pumzika, kidogo tena, angalia ukuta. Halafu miguu yake ikamkataa, akarudi gereji moja kwa moja, na depo ikatuletea Kocha Landry.

Sina neno baya juu ya Kocha Landry ambalo sijamwambia mwenyewe. Ni kijana msafi, anasalimia, na ana kompyuta. Alikuwa amesomea mambo ya mashambulizi, akatuletea michoro. Kila shambulizi lilikuwa na jina: kuna Mamba, kuna Radi, kuna moja liliitwa Ziwa Tanganyika kwa sababu lilikuwa refu na watu walizamia ndani yake. Wachezaji walikaa kwenye magunia ya chumvi wakitazama mishale myekundu ikipishana na ya kijani, macho yamewatoka kama wanaona filamu. Nilimuuliza siku ya kwanza ni lini watajifunza kudaka. Akacheka kwa upole, akasema hao ni watu wazima, kudaka wanajua.

Nisiwe mnafiki, ilipendeza. Watu walianza kuja uwanjani kutoka mitaa ya mbali. Kuna lile bao la kona ya bandari ambalo mpaka leo mnalisimulia kwenye baa, mpira ulipita mikono ya watu wanane, mwingine akautoa kwapani, mwingine kati ya miguu. Niliwahi kumsikia kijana mmoja akilieleza kwa vijiti vya mishikaki, akatumia vyote, na wenye kula wakangoja. Hakuna anayesimulia kwamba siku hiyo hiyo tuliangusha mpira mpaka mwamuzi akachoka kupuliza filimbi akawa anaonyesha kwa mkono tu. Tulifungwa. Watu walirudi nyumbani wakiimba. Mimi nilirudi na jezi kumi na tano za Ng'ambo kwenye baiskeli.

Nyota wa mambo hayo alikuwa Fiston. Mnamjua: mpakuzi wa zamu ya asubuhi, wazazi wake walivuka kutoka Kongo na yeye mgongoni, akakulia Buyenzi. Alivaa namba kumi, yule anayepokea mpira wa kwanza na kuamua uende wapi. Miguu yake ilikuwa kama maji. Mikono yake pia ilikuwa kama maji, na hapo ndipo shida ilipo. Alipenda kupasi kwa nyuma ya mgongo bila kutazama, halafu anageuka kuwaangalia watazamaji, siyo mpira. Mpira wenyewe ulikuwa chini, na Ng'ambo walikuwa wanaondoka nao taratibu kama watu waliookota mwavuli.

Mwaka wa kwanza wa Landry nilifua. Wa pili nilifua. Wa tatu nilifua. Wa nne tulifungwa kule Uvira, nikavuka Gatumba na furushi kichwani, askari wa forodha akaniuliza nafanya biashara ya mitumba. Kufika mwaka wa sita nilikuwa na elimu. Kola kwanza, na brashi, kabla nguo haijalowa yote. Tope likauke lipukutishwe, usilisugue likiwa bichi, utalipeleka ndani. Maji ya chumvi kwa jezi nyekundu, na usizichanganye na kitu chochote unachokipenda. Usikamue peke yako, jezi ya raga ni nzito kama mbuzi, tafuta mtu wa upande wa pili. Wa upande wa pili alikuwa Mama Goreti.

"Baba Goreti," aliniambia mwaka ule wa sita, tumeshika jezi huku na huku tunaikamua. "Hawa watu wa Ng'ambo, mke wao ni nani? Mimi ama wewe?"

Nikamjibu tugawane, wewe nane mimi saba. Aliachia upande wake, maji yote yakaniingia kifuani.

Mtunza vifaa wa Ng'ambo aliitwa Kasongo. Tulikuwa marafiki kwa namna ya watu wanaofurahia shida ya mwenzao. Kila mwaka kabla ya mechi alinitumia salamu kwa akina mama wanaovuka Gatumba na samaki na vitenge. Mwaka wangu wa mwisho, wiki tatu kabla ya mechi, mama mmoja muuza dagaa alisimama kwenye lango la depo akaniita. Kasongo amesema, Muzee Pampu, mwaka huu wamenunua jezi mpya. Nyeupe. Amesema ununue sabuni mapema.

Nyeupe, tena mwezi wa mvua, na uwanja wetu wa udongo mwekundu kando ya maghala. Nikakaa kwenye gunia nikatafakari maisha yangu. Mechi ilikuwa Jumamosi, na Jumatatu yake nilikuwa narudisha funguo. Nilikuwa nimefanya kazi nzuri, au angalau kazi ndefu, na kitu cha mwisho kabisa ambacho depo hii ingenikumbuka nacho ni mzee amechuchumaa kwenye karai anapausha kola za wapinzani. Sikutaka kikombe wala hotuba. Nilitaka kumaliza na mikono mikavu. Hilo tu ndilo nililolitaka, na lilikuwa mikononi mwa watu wasio na mikono.

Nilimwendea Kocha Landry, nikamwomba mazoezi yote yaliyobaki yawe ya kudaka na kutoa. Alinisikiliza vizuri, kalamu mdomoni.

"Muzee, watu wanakuja kuona spektakle, kitu cha kupendeza macho," akasema. "Haiko kuona mikono."

"Na mi ndiye nafua hiyo spektakle," nikamwambia.

Akacheka, akaniahidi kwamba mwaka huu ana kitu kipya. Nikaangalia kwenye kompyuta. Kilikuwa Mamba, ila mara mbili. Mamba Mbili.

Jibu nililiona siku nne kabla ya mechi, tena nimekaa, kama mambo yangu mengi mazuri. Kamio la sukari, lori zima, lilikuwa linapakuliwa. Mnaijua kazi hiyo: watu kumi na wawili mstari mmoja kutoka mlangoni mpaka ndani, gunia linapita mkono kwa mkono. Niliitazama kazi ile miaka yote bila kuiona. Siku hiyo nikaiona. Walikuwa wale wale. Bosco nahodha, Fiston, mawinga wote wawili, wale mabeki wanaoangusha mpira kama umepakwa moto. Magunia yalipita na hakuna hata moja lililogusa sakafu. Anayepokea ameshapanua mikono kabla gunia halijageuka upande wake, vidole kumi, kiuno kimezunguka, na anasema neno moja: "Lete." Asiposema, mwenzake halitoi. Analishika tu, hata likimvunja mgongo, mpaka asikie. Ni sheria ya wapakuzi na hakuna aliyeifundisha kwa mishale. Gunia likipasuka unaitwa ofisini, na shefu wa sasa anaongea akiwa amesimama, na hilo ni baya zaidi.

Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akaja kuniangalia.

Mchana huo, kwenye mazoezi, nikamwomba Kocha Landry dakika kumi tu. Nikawapanga kwenye mstari ule ule, kwa mpangilio wao wa ghala. Nikampa Bosco mpira, nikasema uende mpaka mwisho wa mstari urudi. Wakacheka. Mpira ukaanguka kwa mtu wa nne. Tukaanza tena, ukaanguka kwa wa saba, Fiston, aliyetaka kuutoa kwa kisigino cha mkono. Mara ya tatu ulifika mwisho, na ulipokuwa unarudi ukaanguka kwa wa pili. Basi nikaenda stoku nikarudi na gunia la sukari. Nikalifungua mdomo wazi mbele yao, nikampa Bosco. Nikamwambia liende mpaka mwisho lirudi.

Likaenda. Lete, lete, lete, kama watu wanaosali. Likarudi. Nikachungulia chini: punje kadhaa za sukari karibu na kiatu cha winga wa kulia, ambaye aliomba msamaha.

Nikamgeukia Landry. Nilikuwa nimeandaa maneno makali ya kumwambia, nimeyapanga tangu saa sita, lakini kijana alikuwa anaangalia zile punje chini na uso wake ulikuwa umebadilika, na mimi ni mtu dhaifu. Nikasema tu kwamba gunia hilo inabidi nilirudishe.

"Chukua siku tatu, muzee," akasema. "Mi nitabeba mipira."

Siku tatu hizo nilikuwa mtu mbaya sana, na nilizifurahia. Niliwachovyea mpira kwenye mafuta ya injini niliyoyafuata Buyenzi, ambako Mzee Hamisi, sasa anatembea kwa fimbo, aliniuliza kwa nini nimechelewa miaka sita. Sheria ilikuwa moja: usipasi mpaka mwenzako aseme lete na mikono yake iwe imeonekana. Hakusema, unabaki na mpira wako, unaanguka nao, unauweka upande wa wenzako kwa mikono miwili kama unalaza mtoto, mwenzako anauokota. Hakuna Mamba wala Radi. Fiston alinuna.

"Muzee, hii ni mupira ya wazee," akaniambia mbele ya wote. "We unataka tucheze kama stoku."

Nikamwambia ndiyo, stoku, na kwenye stoku yangu hakijawahi kupotea kitu, ila kwenye mikono yake nimeshapoteza vidole. Wenzake walimcheka. Nilijuta kidogo. Siyo sana.

Jumamosi mvua ilinywesha uwanja asubuhi yote ikaacha saa nane. Ng'ambo wakashuka kwenye basi na nyeupe zao, zinang'aa kama meno. Kasongo akanikumbatia, akanipa mche wa sabuni uliofungwa kwa utepe. Nikaupokea kwa mikono miwili. Watu walijaa mpaka kwenye paa la ghala, wamekuja kuona bao lingine la mikono minane.

Waliyoyaona yaliwaudhi. Tulicheza vibaya kuliko maelezo, maana yake tulicheza vizuri. Lete, mpira unakwenda hatua mbili, unaanguka na mtu, unaokotwa, lete, hatua mbili tena. Walipiga miluzi. Mmoja juu ya paa akauliza kama tunapakua kamio. Ng'ambo walifunga bao moja, zuri, sina la kusema, pointi tano. Lakini walipochoka kutusubiri tuangushe mpira walianza kufanya makosa wao, wanashika jezi, wanaingia pembeni, na mara mbili mwamuzi akatupa sisi adhabu ya kupiga mbele ya nguzo. Bosco, anayepiga mpira kama anafunga mlango kwa mguu, akazipiga zote mbili katikati. Pointi tatu na tatu. Sita kwa tano. Timu iliyokuwa maarufu kwa mashambulizi ilikuwa inaongoza bila kufunga hata bao moja, na Kocha Landry alikuwa amejifunika uso na michoro yake.

Dakika za mwisho mpira ulikuwa kwetu, karibu na mstari wetu, na Fiston akaupokea. Mbele yake watu weupe watatu, sasa wekundu mpaka masikioni, wanamjia mbio. Kushoto kwake winga wetu yuko peke yake, uwanja mzima mtupu mbele yake, pale ndipo Mamba Mbili ilipokuwa imechorewa. Nyuma ya mgongo, pasi moja, bao la kusimuliwa miaka. Paa zima likasimama. Niliuona mkono wa kulia wa Fiston ukienda nyuma na mpira. Nilifumba macho, nikaona karai.

Winga hakusema lete. Alikuwa anaangalia watu wa paani.

Nilipofumbua, Fiston alikuwa ameurudisha mpira kifuani kwa mikono miwili. Wale watatu wakamwangukia kama ghala. Kutoka chini ya rundo la watu ukatokea mkono mmoja, kisha wa pili, ikauweka mpira chini upande wetu, taratibu, umenyooka. Bosco akauokota. Hatua mbili, akaanguka. Mwingine akauokota. Walirudia hivyo, sijui mara ngapi, watu wa paani wanazomea timu yao wenyewe, mpaka filimbi ya mwisho ikapulizwa.

Fiston alitoka na jicho moja limefumba. Alinipita bila kunitazama. Watu walikuwa wanamwambia amekuwa mwoga, na mmoja alimwambia arudi kwenye magunia. Nikampa maji. Ndiyo kawaida ya mtunza vifaa.

Kasongo nilimkabidhi jezi kumi na tano za bluu, ambazo kusema kweli zilikuwa kahawia, na juu yake nikaweka mche wake wa sabuni, utepe haujafunguliwa.

"Pampu," akasema, "we uko mutu mubaya."

Jumatatu nikarudisha funguo. Hotuba ya shefu sitairudia, ilitaja jina lisilo langu mara mbili. Nikaja nyumbani, nikatundika saa.

Ningeishia hapa, ningeonekana nimeshinda. Lakini ninyi mnajua kilichofuata, na msipokijua Fiston atawaambia na atakitia chumvi, bora nikiseme mwenyewe. Wiki mbili baadaye alikuja hapa kwangu na baiskeli na furushi. Jezi zilikuwa zimerudi kutoka Ng'ambo, na mtunza vifaa mpya, yule aliyeshika funguo zangu, alikuwa hajui aziweke wapi. Nikalifungua furushi. Jamani. Zilikuwa zimekunjwa, nakubali. Lakini tope lilikuwa kwenye kola kama lilivyoondoka, povu limekauka kwapani, na moja ilikuwa na alama ya pasi mgongoni, umbo zima, unaweza kusoma chapa. Miaka sita nimewafulia kwa maji ya chumvi, na Kasongo anazichovya ziwani kama biskuti kwenye chai. Hajui hata kola kwanza.

Ningeweza kuzifunga tena zikaenda hivyo hivyo. Mimi ni mstaafu. Nilikaa nazo mapajani dakika nzima kuhakikisha kwamba naweza. Halafu nikamwita Mama Goreti alete karai. Akasema karai ninalijua lilipo.

Fiston hakuondoka. Alivua viatu, akakunja suruali, akaniuliza brashi iko wapi. Hatukuongea juu ya mechi. Nilimwonyesha kola, akasugua kola zote kumi na tano, vizuri, kwa vidole vyote. Alipomaliza akaniambia, bila kuinua kichwa, kwamba angempa winga ule mpira. Mkono ulikuwa umeshaondoka. Alisikiliza tu, hakusikia lete, akaurudisha. Nikamwambia najua, niliuona ukienda. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimefumba macho.

Tukafika kwenye kukamua. Mama Goreti alikuwa amekaa kizingitini na kikombe cha chai, amekuja kutazama. Fiston alikuwa upande wa karai, mimi upande wa kamba. Anakamua, ananipa, naanika. Nzito kama mbuzi, nilishawaambia. Kila jezi aliishika mbele yangu, maji yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko, na hakuiachia mpaka niliposema neno. Lete, naanika. Lete, naanika. Nilikuwa najisikia vizuri. Nilifika mahali nikaanza kumweleza Mama Goreti, kwa kugeuza kichwa tu, jinsi Mzee Hamisi alivyonifundisha vidole kumi.

Ya kumi na nne Fiston aliinyoosha akangoja. Nikasema lete.

Ilipita katikati ya mikono yangu yote miwili ikalala kwenye udongo mwekundu, mbele yangu, kola chini.

Mama Goreti akaweka kikombe chini ili acheke vizuri. Fiston aliitazama jezi, akanitazama mimi, halafu akainua mkono taratibu kama mwamuzi.

"Anavan, muzee."